Kutoka mtungi hadi LUKU: kuhamishia jiko la nyumba kwenye umeme, chungu kimoja kimoja

Kwa sisi tunaokaa milimani hapa Mwanza, Mabatini, Igogo au kule Bugando, mtungi wa gesi una bei mbili: ya dukani na ya mawe. Bodaboda anaishia pale barabara inapoishia. Kuanzia hapo ni kupanda, na mtungi wa kilo 15 ukijaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 30. Kwa miaka mitatu nilikuwa namlipa kijana wa mtaani 2,000 aubebe begani. Siku alipoteleza mwenyewe hakuumia, ila mtungi ulibingirika hadi ukagonga banda la kuku la jirani. Jioni ile ndipo nilipokaa chini kupiga hesabu ya umeme kwa dhati.

Kupasha nyumba joto si shida yetu huku. Joto tunalolipia lipo kwenye sufuria na kwenye ndoo ya kuoga, basi, na ndilo nitakalolieleza: jinsi ya kulihamisha kutoka kwenye gesi kwenda kwenye umeme bila kuunguza waya, bila kugombana na wapangaji wenzako, na bila kulala njaa siku umeme ukikatika. Nitasema mapema kosa ninaloliona kila mara: mtu anaona jiko zuri dukani, analinunua, analichomeka jioni hiyohiyo. Jiko ni jambo la nne. Kabla yake kuna mtungi, kuna risiti, kuna waya.

Hatua ya kwanza: andika tarehe kwenye mtungi

Chukua kipande cha plasta nyeupe, kibandike kwenye mtungi, andika siku uliyoufunga. Ukiisha andika siku ulipoisha. Ni hayo tu, lakini watu wengi ukiwauliza mtungi wao unadumu siku ngapi watakwambia "kama mwezi hivi", na "mwezi hivi" ni kati ya siku 22 na 50. Huwezi kujua kama umeokoa fedha wakati hukujua ulikuwa unatumia ngapi.

Wakati huohuo, tunza risiti zako za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Chukua ya manunuzi ya pili ya mwezi, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inakatwa kodi ya jengo, ile 1,500 ya kila mwezi, na itakuharibia hesabu. Gawanya fedha uliyolipa kwa idadi ya uniti ulizopata. Ukipata kama 356 kwa uniti, uko kwenye kundi la matumizi ya kawaida, wale ambao elfu kumi inawapa uniti 28. Ukipata 122, uko kwenye kundi la matumizi madogo, wale wa uniti 75 kwa 9,150. Hesabu zangu zote humu zinatumia bei hizo mbili pamoja na kodi zake. Risiti yako ikikuonyesha namba nyingine, ifuate risiti.

Kundi la uniti 75 lina mtego wake. Uniti zinazozidi 75 ndani ya mwezi zinalipiwa kwa bei ya juu, na ukizoea kuzidi unahamishwa kundi. Nyumba yenye taa, televisheni na friji ndogo inaweza kula uniti 45 hadi 60 kwa mwezi kabla hujapika chochote. Kwa hiyo kama uko kwenye kundi hilo, usihamishe jiko zima kwa pupa. Hamisha chungu kimoja, angalia mwezi umeishaje, kisha kingine. Ukiona unakaribia 75, simama hapo, na gesi ibaki na kazi iliyobaki. Huo nao ni ushindi.

Hesabu yenyewe

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati inayolingana na uniti karibu 13 za umeme. Kwa macho ya haraka gesi inaonekana rahisi sana. Ila moto wa gesi nusu yake hivi unapita pembeni mwa sufuria na kwenda kukupasha wewe mpishi uso. Kinachoingia kwenye chakula ni kama uniti sita na nusu kwa kila kilo.

Tuseme mtungi wa kilo 15 unaununua kwa 57,000 na unadumu siku 40. Umeingiza kwenye chakula joto la uniti 96 hivi, sawa na 2.4 kwa siku. Jiko la umeme la koili, lile la sahani nyeusi, linapitisha kwenye sufuria kama asilimia 70 ya umeme wake; kwa kazi hiyohiyo utahitaji uniti 137, yaani 48,800 hivi kwa bei ya 356. Umeokoa kidogo, na kwa mpishi anayesahau kuzima, hujaokoa kitu. Hilo ndilo jiko lililoupa umeme jina baya la kula LUKU, na jina hilo halikusingiziwa.

Jiko la indaksheni, lile la kioo linalopasha sufuria yenyewe badala ya kuwasha moto, linapitisha asilimia 85 hivi. Na sufuria ya presha ya umeme imefunikwa na kuzungushiwa ganda, joto halina pa kukimbilia, na inafupisha muda wa kupika vitu vigumu. Ukitumia hizo mbili kwa pamoja, familia ileile inaweza kushuka hadi uniti mbili hivi kwa siku. Siku 40 ni uniti 80, yaani 28,500. Nusu ya bei ya mtungi, na hakuna wa kumlipa kwa kupanda mawe.

Hatua ya pili: waya, na mawe yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Nyumba nyingi zilifungwa umeme wakati mwenye nyumba anafikiria taa nne, redio na pasi. Fundi aliweka waya mwembamba, akaweka soketi mbili sebuleni, jikoni hakuweka kitu kwa sababu jikoni kulikuwa na mkaa. Leo unataka kuchomeka wati 2,000 huko. Ukivuta ekstensheni kutoka sebuleni kupitia mlangoni, unafanya nilichofanya mimi wiki ya kwanza. Ekstensheni ilikuwa mpya, ya 8,000, imeandikwa ampea 13 kwa herufi kubwa. Siku ya tatu nilisikia harufu kama ya kandambili iliyokanyaga kaa la moto. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, nikaibandua kwa bisibisi baada ya kuzima mein suichi. Ndani, waya wa shaba ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu.

Basi mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umsimamie aangalie mambo haya ukiwepo.

Kwanza unene wa waya. Wa soketi usipungue milimita za mraba 2.5, na breka yake iwe ya ampea 20. Wa taa ni 1.5, na soketi ya jiko isiungwe humo kabisa hata kama ndio uliopita karibu. Pili, soketi ya jiko iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, isishirikiane na friji wala televisheni. Hesabu iko hivi: gawanya wati kwa 230, unapata ampea. Indaksheni ya wati 2,000 inavuta 8.7, presha ya wati 1,000 inavuta 4.3; birika la umeme la wati 1,800 linavuta 7.8. Ukiwasha vyote asubuhi moja kwenye njia moja, ni ampea karibu 21, breka ya 20 imezidiwa, na ikikatika ina haki. Fundi atakayekwambia "tuweke breka ya 32 isikusumbue" bila kubadilisha waya, mshukuru, mlipe nauli, tafuta mwingine. Breka inalinda waya. Ukiikuza breka, kitakachokatika ni waya wenyewe, kwa moto.

Tatu, na hili ni letu hasa: waya wa ardhi. Kazi yake ni kuupeleka umeme uliovuja udongoni badala ya kwenye mwili wako. Kwa kawaida fundi anagongelea fimbo ya shaba ardhini hadi imezama. Sasa wewe umejenga juu ya jabali. Fimbo inaingia sentimita 30, inagonga mwamba, fundi anaikata inayobaki, anafukia, anachukua hela yake. Kwa macho kila kitu kipo. Kwa taa hutajua tofauti maisha yako yote. Utaijua siku unaposonga ugali umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, na jiko lina hitilafu.

Kwenye mawe dawa ni kwenda upana badala ya kwenda chini. Tafuta sehemu yenye udongo, mara nyingi ni ule mfuko wa udongo kati ya jabali na jabali ambapo migomba inaota, chimba mtaro, laza humo waya mtupu wa shaba au zaidi ya fimbo moja iliyounganishwa, na fukia kwa udongo unaoshika unyevu. Mafundi wengi huchanganya mkaa na chumvi humo. Inasaidia, ingawa chumvi huliwa na mvua na pia hula chuma, kwa hiyo kazi hiyo inahitaji kuangaliwa tena baada ya muda. Muhimu kuliko ufundi wote: fundi apime kwa kipimo cha ardhi, akuonyeshe namba. Testa ya kuwaka taa si kipimo cha ardhi.

Nne, mwambie aweke ile breka yenye kitufe kidogo cha herufi T, inayokata umeme ikihisi umevuja miliampea 30 tu. Baada ya kuifunga, bonyeza T mwenyewe; isipokata, haifanyi kazi. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, kati ya jiko na hiyo breka, nunua breka.

Hatua ya tatu: ongea na nyumba

Kama unaishi peke yako na LUKU yako, ruka. Wengi hatuishi hivyo. Vyumba sita, mita moja, kila mpangaji anachangia elfu tano kila zinapoisha, na baba mwenye nyumba ameshasema siku unahamia: hapa jiko la umeme marufuku.

Usilifiche chini ya kitanda. Uniti zitaisha siku mbili mapema, mwenye saluni chumba cha tatu atashukiwa, na siku ukweli ukijulikana hutaaminika tena hata ukisema umezima taa ya chooni. Njia iliyonifaa ilikuwa kwenda na ushahidi. Kwenye mita, angalia taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake imeandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,000 ni uniti moja. Nilimwomba mzee tuzime vyumba vyote dakika kumi mchana, nikawasha presha, tukahesabu pamoja kwa sauti. Kwa wati 1,000 taa inapepesa mara moja kila sekunde tatu na nusu hivi. Baadaye, presha ilipokwisha kupanda na jiko likajikata, taa ikanyamaza. Mzee akainama karibu na mita. "Limezimika?" Nikamwambia hapana, mzee wangu, linapika. Akasubiri kidogo, taa haikupepesa. "Basi lako hili ni kama friji," akasema, na kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Hata hivyo ruhusa haitoshi. Fungiwa mita ndogo ya pembeni kwenye waya wa chumba chako. Mita hiyo haiuzi umeme, inahesabu tu, na kila mwezi unalipa ulichotumia kwa bei ya risiti. Mwenye nyumba akikataa ya chumba kizima, kuna vipimo vidogo vya kuchomeka kati ya plagi na soketi vinavyoonyesha uniti za kifaa kimoja. Andika kwenye daftari, wenzako walione. Na kumbuka jambo moja la haki: kama nyumba nzima iko kwenye kundi la uniti 75, jiko lako linaweza kuwapandishia bei wote. Kwenye nyumba ya namna hiyo usilete jiko kabla hamjakubaliana.

Hatua ya nne: kununua, na mtihani wa sumaku

Anza na sufuria ya presha ya umeme. Si indaksheni, si oveni, si yale majiko ya sahani mbili. Ya lita sita na wati 1,000 inatosha watu watano hadi saba. Dukani ifungue. Angalia sufuria ya ndani, ikiwa ya stenlesi itadumu kuliko ya rangi nyeusi inayobanduka kwa mwiko. Gusa mpira wa mfuniko, uliza kama unauzwa peke yake, kwa sababu ndio utakaochoka kwanza. Geuza jiko usome wati na volti kwenye kibandiko. Imeandikwa volti 220 hadi 240, sawa. Imeandikwa 110, rudisha, hiyo ni ya nchi nyingine. Mwambie muuzaji alichomeke liwake mbele yako. Na risiti.

Indaksheni ije mwezi wa pili au wa tatu, na kabla ya kuinunua pekua kabati lako na sumaku. Sumaku utaipata kwenye spika mbovu ya redio. Iweke chini ya kila sufuria: ikinasa, sufuria itafanya kazi, isiponasa, indaksheni haitaiona kabisa, italia pii pii na kujizima. Nilipofanya mtihani huu kwangu, sufuria tisa za alumini zote zilianguka, kikafaulu kikaango kimoja cha chuma cha marehemu mama. Sufuria ya indaksheni pia iwe na kitako bapa. Kwa hiyo bei ya jiko hilo ni bei yake pamoja na sufuria mbili mpya, na afadhali ujue hivyo kabla hujatoka nyumbani.

Kuna jiko jingine la kioo linalofanana nalo, linalowaka wekundu chini ya kioo. Hilo linakubali sufuria yoyote na wauzaji hulisifia kwa hilo, lakini linapoteza joto karibu sawa na la koili. Wauzaji wengine hawajui tofauti, wengine wanaijua vizuri. Unalitambua likiwashwa bila sufuria: linalowaka wekundu si indaksheni.

Hatua ya tano: chungu kimoja kimoja

Maharage ndiyo ya kwanza. Mwanza tunadhulumiwa na mwinuko bila kujua: ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukiongeza moto yanakauka haraka tu, hayapandi joto. Ndiyo maana maharage ya saa mbili na makande ya nusu siku. Ndani ya presha, maji yanapita nyuzi 110. Maharage nusu kilo yaliyolala kwenye maji usiku, kwangu yanakuwa tayari kwa dakika 25 baada ya presha kupanda. Yasiyolowekwa, dakika 45 hadi 50. Nimepima: nusu uniti hivi, yaani kama shilingi 180. Kwa gesi, chungu hicho kilikuwa kinakula kama gramu 200, ambazo ni zaidi ya shilingi 700.

Ukipika nafaka zinazotoa povu usipite nusu ya sufuria. Usilazimishe mfuniko, ukikataa kufunguka ujue ndani bado kuna presha. Kila baada ya makande chomoa kile kivalvu, kioshe, kipulize, maana ganda moja la maharage likiziba humo ndilo linaloleta hadithi za majiko kulipuka. Na usikaange samaki kwa mafuta mengi ukiwa umefunga mfuniko. Sato wa kukaanga anapikwa wazi, mahali pengine.

Baada ya maharage hamisha wali, nyama, ndizi, viazi vitamu. Hata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inalainika vizuri. Chai na maji ya kunywa vihamie kwenye birika la umeme: lita moja hadi ichemke ni sehemu moja ya kumi ya uniti, shilingi 36. Chemsha unachokunywa. Watu wanajaza birika la lita mbili kwa kikombe kimoja kisha wanalaumu LUKU.

Samaki na mchuzi vinakaa vyema kwenye indaksheni, kwa sababu ukipunguza moto unapungua papo hapo. Dagaa wa kukaanga wanahitaji uangalizi. Indaksheni inapasha mafuta haraka kuliko ulivyozoea, anza na wati 800 si 2,000.

Ugali ni wa mwisho, na sina aibu kusema ulinichukua miezi miwili. Tatizo ni mkono. Ugali wa Mwanza, hasa wa udaga, ule unga wa muhogo, unasongwa kwa nguvu. Unakaa kwenye kigoda, unabana sufuria kwa miguu au kwa koleo, unakandamiza mwiko hadi mishipa ya shingo inatoka. Kioo cha indaksheni kinateleza, na ukikigonga kwa pembe ya sufuria kinapasuka. Nilifanya hivi: jiko nikalishusha kwenye meza fupi ya mbao iliyo imara, chini ya miguu ya jiko nikaweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, nikanunua sufuria nzito ya stenlesi yenye mishikio miwili. Maji yakichemka naanza uji juu ya jiko. Unga wa kukazia nikishatia, naishusha sufuria sakafuni kwenye ngata, nasonga kwa nguvu zangu zote, nairudisha jikoni dakika tatu kwa moto mdogo iive. Wageni hawajui tofauti. Shangazi yangu wa Magu alijua, akasema umepungua harufu ya moshi, lakini alimaliza.

Kwa nyumba inayosonga ugali wa watu kumi na mbili, iachie gesi ugali. Hakuna atakayekushtaki.

Maji ya kuoga

Asubuhi za Juni na Julai upepo wa ziwani una meno, na wazee na watoto wanataka maji ya moto. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 24 hadi 40 inahitaji kama sehemu nne za kumi za uniti, shilingi 140 hivi. Njia salama na rahisi ni kuchemsha birika mbili na kuchanganya.

Kile chuma cha kuchemshia kinachotumbukizwa ndooni ndicho kifaa ninachokiogopa kuliko vyote. Kinafanya kazi, ni cha bei ndogo, na kinaua. Ukilazimika, ndoo iwe ya plastiki, kitumbukize kabla ya kuwasha soketi, zima na uchomoe kabla ya kugusa maji, na usikiache chumba chenye mtoto hata dakika moja. Kupima joto kwa kidole huku kimewaka, hapana, hata mara moja.

Hita ya bafuni ya papo hapo inavuta wati 4,500 hadi 5,500, yaani hadi ampea 24 peke yake. Inataka waya wake mnene, milimita 4 au 6, na breka yake. Dakika tano za kuoga ni uniti nusu au chini kidogo, kwa hiyo hainipi hofu ya LUKU. Inanipa hofu ya waya wa ardhi kwenye nyumba za mawe. Rudi hatua ya pili.

Umeme mdogo, radi na kukatika

Saa moja jioni kila mtu anapika na umeme unapungua nguvu. Kifaa cha koili au presha, volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, wati zake zinashuka kwa theluthi moja. Uniti haziongezeki sana kwa chakula kilekile, muda ndio unaongezeka. Indaksheni yenyewe huandika herufi E na namba, kisha inagoma. Suluhisho langu si stabilaiza, ni saa: maharage na makande naweka saa tisa alasiri au alfajiri, jiko linajikata na kutunza joto lenyewe. Mtaa wote ukiwa na umeme mdogo kila siku, toeni taarifa TANESCO kwa pamoja na muandike saa inapotokea.

Radi za huku hazihitaji kuelezwa kwa anayeishi kando ya Ziwa Victoria. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi. Kuzima kwenye swichi hakutoshi. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi: indaksheni ina feni chini inayowavuta ndani wakachanganyika na mafuta. Usipike karibu na taa dirisha likiwa wazi, na kila mwezi safisha matundu ya chini kwa brashi kavu, plagi ikiwa nje.

Umeme ukikatika katikati ya maharage, usifungue mfuniko. Presha iliyokwisha kupanda inaendelea kuivisha kwa muda mrefu. Funga jiko zima kwa blanketi nzito ukihakikisha limechomolewa na matundu ya mvuke hayakuzibwa. Wali ulioanza kukauka utajimalizia hivyohivyo.

Na usibaki bila mtungi kabisa. Mimi niliuza ule wa kilo 15, nikabaki na wa kilo sita ambao naubeba mwenyewe mkono mmoja. Mgao wa mwishoni mwa 2023 sijausahau, na bwawa la Mwalimu Nyerere lenye megawati 2,115 halizuii nguzo ya mtaani kuanguka kwenye mvua. Mtungi wa akiba usimamishwe wima, mahali penye hewa, mbali na soketi na jiko la umeme, na ukizimwa uzimwe kwenye rejeta ya mtungi, si kwenye jiko tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kujaa kwenye kona ya chini, na cheche ya soketi inatosha kuiwasha. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote, fungua milango, toka nje. Kwa kuwa sasa mtungi unakaa wiki nyingi bila kuguswa, kila mwanzo wa mwezi paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake, angalia kama linatoa vipovu, na uupinde mpira kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha kabla ya kupika tena. Wa kwangu nilibadilisha Jumamosi iliyopita, na plasta ya tarehe kwenye mtungi ilikuwa bado ile ya mwezi wa tatu.